Shajara ya mradi: kutoa sababu kwa Kiholanzi, kuanzia dus mpaka immers

Shajara hii ni ya Mswahili aliyeko Uholanzi au Ubelgiji ambaye Kiholanzi cha dukani anakimudu, ila akiulizwa sababu ya jambo anaishiwa maneno. Mimi nafanya kazi Aalsmeer, Uholanzi, kwenye kampuni inayopokea mawaridi ya Kenya na Ethiopia. Tunafungua maboksi, tunakata mashina, tunayatia maua kwenye ndoo za maji na kuyapanga tayari kwa mnada unaoanza saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo msimamizi wa shifti huandika ripoti fupi: nini kimeingia, nini kimeharibika, sababu ni nini. Nataka ripoti hiyo niiandike mwenyewe bila kusahihishwa upande wa sababu. Naanzia kiwango cha A2, kwa vipimo vya lugha vya Ulaya. Nalenga B1, ambacho ndicho kinachotakiwa kwa wengi wetu tangu sheria mpya ya wahamiaji ianze kutumika Uholanzi Januari 2022.

5 Januari 2025: Orodha

Nimenunua kitabu cha sarufi duka la mitumba kwa yuro 7, na pakiti ya kadi tupu kwa yuro 2. Nimechota maneno yote ya sababu niliyoyakuta: want, omdat, doordat, aangezien, dus, daarom, daardoor, vandaar, namelijk, immers. Kushoto nimeandika yale ya "kwa sababu", kulia yale ya "kwa hiyo". Mpango ni kuyakariri kwanza, kuyatumia baadaye.

26 Januari: Orodha imekufa

Maneno yote yamo kichwani, na sentensi zote ni mbovu. Hizi ni tatu kutoka daftari la mazoezi:

*Daarom wij hebben de dozen apart gezet.*
*Want de vlucht te laat was, zijn de rozen droog.*
*Namelijk de rozen zijn ziek.*

Maana ya kila neno naijua na bado nimekosea, kwa sababu orodha haisemi neno linakaa wapi wala linakifanyia nini kitenzi. Kwetu kitenzi kimebeba kiima ndani yake. "Tumeyatenga" ni "tumeyatenga" hata ukitanguliza "kwa hiyo", hakuna kinachohama. Kiholanzi, kwenye sentensi kuu, kitenzi kina kiti chake, cha pili kutoka mbele, na hakiachi. Daarom ikishakalia kiti cha kwanza, kiima kinasukumwa nyuma ya kitenzi: *Daarom hebben wij de dozen apart gezet.*

Nimejaribu pia mwalimu wa mtandaoni, yuro 30 kwa saa. Alinisahihisha kila sentensi kwa upole na kuendelea. Nilitoka na sentensi safi ambazo sikujua zimesafishwaje. Kwa mtu mwenye maswali tayari mkononi huenda ni pesa nzuri, lakini mimi wakati huo hata maswali sikuwa nayo.

16 Februari: Kupanga upya kwa kuangalia kitenzi

Wiki mbili za Valentine hakuna aliyesoma kitu. Tulikuwa tunalala na kuamka kufungua maboksi. Zilipopita, nilizimwaga kadi zote mezani nikazipanga upya, safari hii nikiangalia kila neno linakifanyia nini kitenzi. Maana niliiweka pembeni. Kila fungu nimelifunga kwa mpira wa rangi yake, ile mipira inayofunga mashada ya maua, ambayo kazini imejaa sakafuni.

Mpira wa kijani: hakuna kinachohama. Humu mna want na dus.
*De rozen staan apart, want ze zijn ziek.*
*De rozen zijn ziek, dus we zetten ze apart.*

Mpira mwekundu: kitenzi kinakwenda mwisho wa kishazi. Humu mna omdat, doordat na aangezien.
*De rozen staan apart, omdat ze ziek zijn.*
Kishazi hicho kikitangulia, vitenzi viwili hukutana kwenye mkato: *Omdat ze ziek zijn, staan ze apart.* Hiyo *zijn, staan* sasa naisikiliza kwa makusudi. Zikigongana, nimepatia.

Mpira mweupe: vielezi vyenyewe, daarom na daardoor. Kikianza sentensi, kitenzi hufuata papo hapo. Kinaweza pia kuingia katikati na mpangilio ukabaki vile vile: *We zetten ze daarom apart.* Kwa anayeanza, hiyo ya katikati ndiyo nafasi salama zaidi, na vitabu haviisemi kwa sauti ya kutosha.

Kisha tatizo la dus. Kadi yake nilikuta inaingia mafungu mawili, maana *dus we zetten ze apart* ni sawa, *dus zetten we ze apart* ni sawa, na *we zetten ze dus apart* ni sawa pia. Ukisikia siku nzima watu wanasema *dus we...*, sikio linaamini kwamba *daarom we...* nayo inakubalika. Hapo ndipo lile kosa la Januari lilipozaliwa. Dawa niliyoipata ni kujipiga marufuku: miezi mitatu hakuna dus kwenye maandishi. Nikitaka kusema "kwa hiyo", ni daarom au daardoor, na kitenzi kikae kitini. Mdomoni dus niliiacha iendelee, la sivyo ningekuwa bubu. Anayetaka kuiga jambo moja tu katika shajara hii, aige marufuku hiyo.

La mwisho kwa leo: want haijibu swali. *Waarom staan ze apart?* Jibu ni *Omdat ze ziek zijn*. Ukianza jibu kwa want, Mholanzi atahisi umeruka sehemu ya mazungumzo. Hapa Kiswahili kinasaidia, maana "kwani" nayo haikubali kuanza jibu. Ukiulizwa kwa nini hukuja jana, hujibu "kwani niliumwa".

9 Machi: Nani aliamua?

Siku ya Wanawake imepita jana na mikono inauma, lakini wiki hii imenipa kitu ambacho kitabu cha yuro 7 kilikipitia kwa mistari miwili. Niliandika rasimu ya ripoti:

*De vlucht uit Nairobi had vertraging. Daarom kwamen de rozen te laat binnen.*

Mpangilio ni safi, kitenzi kimekaa panapotakiwa. Hata hivyo msimamizi alikata daarom akaweka daardoor. Nikamuuliza tofauti. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Nani aliamua mawaridi yachelewe?" Hakuna. "Basi daardoor."

Kumbe hapo ndipo penyewe. Daarom inaeleza sababu ya mtu kutenda: kuna aliyepima, akachagua. Daardoor inaeleza chanzo: jambo moja limezaa jingine, hakuna aliyeulizwa. Omdat na doordat zimegawanyika kwa mstari huo huo. Tazama ripoti iliyotoka siku iliyofuata, ambayo nimeibandika ukutani:

*In drie dozen zat botrytis. Daarom hebben we de hele partij nagekeken. Daardoor waren we pas om half zes klaar.*

Ukungu wa kijivu umeonekana kwenye maboksi matatu. Kukagua mzigo mzima ni uamuzi wetu, ndiyo daarom. Kumaliza saa kumi na moja na nusu, nusu saa kabla ya mnada, hakuna aliyekupanga. Kumetokana na ukaguzi, ndiyo daardoor. (Naam, half zes ni saa tano na nusu yao, si sita na nusu. Huo ni mtego mwingine na hauna shajara hapa.)

Sasa zibadilishane nafasi. *Daardoor hebben we de hele partij nagekeken*: kazi inasikika kama ilituangukia, kana kwamba hatukuwa na akili ya kuamua wenyewe. *Daarom waren we pas om half zes klaar*: tunasikika kama tulichagua kuchelewa na sasa tunajitetea. Katika ripoti inayosomwa na mwenye maua, hilo si jambo dogo. Neno moja linaonyesha lawama iko wapi, na anayelisoma haoni kwamba ameonyeshwa.

Kipimo ninachokitumia sasa: baada ya kila sentensi ya matokeo najiuliza "nani aliamua?" Nikipata mtu, daarom. Nikikosa, daardoor. Kipimo kimekwama mahali pamoja, kwenye omdat. Wenyewe wanaitumia kote kote, hata kwenye vyanzo visivyo na mtu, na washauri wa lugha wanaikubali. Doordat haina uhuru huo. Huwezi kusema umekaa nyumbani *doordat je geen zin had*, kwa kuwa kukosa hamu ni sababu yako mwenyewe. Kwa hiyo ukibabaika kati ya hizo mbili, chukua omdat. Ukibabaika kati ya daarom na daardoor, rudi kwenye swali.

Maswali nayo ni mawili. *Waarom heb je dat gedaan?* anataka nia yako. *Hoe komt het dat de bladeren geel zijn?* anataka chanzo, ni "imekuwaje majani yamekuwa manjano?" Jibu la pili huanza karibu kila mara hivi: *Dat komt doordat ze te lang droog hebben gestaan.* Kariri *dat komt doordat* kama neno moja. Mie msimamizi akianza na *hoe komt het*, napumua. Najua bado hajanishuku.

30 Machi: Namelijk haikai mbele

Hii ilinichelewesha kwa sababu niliifananisha na "yaani". Namelijk ina kazi hiyo kweli, pale unapotaja vitu: *uit twee landen, namelijk Kenia en Ethiopië*. Lakini inapotoa sababu ni kielezi, haianzi sentensi, na huja baada ya kitenzi:

*Ik kan vrijdag niet komen. Ik heb namelijk een afspraak bij de tandarts.*

Mfululizo ni huu: taarifa kwanza, nukta, kisha sababu ambayo msikilizaji hakuijua, na namelijk imejificha ndani yake. Ni njia ya adabu ya kujieleza. Ukianza na omdat unasikika kama unajibu mashtaka. Ukitumia namelijk unasikika kama unamwongezea mtu habari.

Nilikuwa pia naandika *want ik heb namelijk*. Watu wanayasema hayo kila siku, ila kwenye maandishi ni sababu juu ya sababu, na mtahini atapiga mstari. Vivyo hivyo *de reden is omdat*. Ukishasema *de reden is*, endelea na *dat*.

Zoezi lililofanya kazi: nachukua sentensi za want za wiki nzima, naziandika upya kwa nukta na namelijk. Dakika chache ndani ya basi zinatosha.

27 Aprili: Immers, toch, na ile "si" yetu

Tangu jana Umoja wa Ulaya una masharti makali zaidi kwa mawaridi yanayotoka Afrika, kwa sababu ya nondo ambaye wakulima wa Naivasha wanamjua kwa herufi FCM. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya tumba. Tulifanya mazoezi ya ripoti za namna hii kabla hata ya sheria kuanza, na hii ni sentensi yangu ya mfano:

*De keurmeester vond een levende rups. Daarom is de partij afgekeurd. Daardoor missen we de klok van maandag.*

Mkaguzi ameamua, ndiyo daarom. Sisi tumeukosa mnada wa Jumatatu, ndiyo daardoor. Msimamizi hakugusa kitu. Tatizo lilikuwa mstari uliofuata, niliouandika kwa fahari ya mwezi uliopita: *De regels zijn namelijk strenger geworden.* Ripoti hiyo ya mazoezi ilikuwa ya kumpelekea mnunuzi aliyekuwa kwenye biashara hii kabla mimi sijaona ua likifungwa. Kumwambia kwa namelijk kwamba sheria zimekaza ni kumfundisha mzee njia ya kwake. Namelijk humchukulia msikilizaji kuwa hajui.

Kwa anayejua tayari kuna immers: *De regels zijn immers strenger geworden.* Unamkumbusha kitu mnachokijua wote, kisha unajengea juu yake. Kwa mdomo Waholanzi wengi hawaisemi, wanatumia toch. Na toch hiyo mimi nilikuwa nayo tangu utotoni bila kuitambua: ni "si" ya "si anaumwa", "si nilikuambia". *Hij is toch ziek. Dat heb ik je toch gezegd!* Tangu nilipoifunga na "si", sijaikosea.

Tahadhari moja. Immers ikimwangukia asiyejua, inauma. Ni kama kumwambia "si unajua" mtu ambaye hajui, halafu aone aibu kuuliza. Ukiwa na shaka, namelijk inasameheka zaidi.

Immers inaweza kuanza sentensi kwenye maandishi mazito, kwa kawaida ikifuatwa na mkato: *Immers, de regels zijn strenger geworden.* Kwenye ripoti ya maua inasikika kama hotuba ya wakili. Nimeiacha.

18 Mei: Mdomoni

Siku ya Mama imepita, nimepata nafasi ya kwenda mkahawa wa lugha maktabani. Ni bure na kahawa ipo. Anayeiongoza meza yetu ni mzee mstaafu. Wenzangu humwita *je*, "wewe" ya kawaida, yeye mwenyewe ameomba. Mimi namwita *u*, ile ya heshima, malezi hayaniruhusu vinginevyo.

Pale nimegundua kwamba Kiholanzi cha mdomoni hutoa sababu kwa mkato ambao hauko kwenye kadi zangu. Nilisema nataka kuhama Aalsmeer. Mzee akasema neno moja: *Want?* Nikangoja aendelee. Alikuwa amemaliza. Maana yake ni "kwa sababu...?", na zamu ilikuwa yangu.

Halafu ile dus ya mwisho. *Ik moet morgen om drie uur op, dus.* Sentensi inakatika hapo. Matokeo hayasemwi, kila mtu mezani anayajua: naondoka. Jaribu kuimalizia na watakuangalia kama umeeleza utani.

Na vandaar. Hii ni zawadi kwa Mswahili kwa sababu ni "ndiyo maana" mtupu. Mtu akikueleza kwa nini alikuwa kimya, unasema *Ach, vandaar!* kama tunavyosema "Aa, ndiyo maana!" Inakaa mwishoni pia, peke yake: *Ik heb slecht geslapen, vandaar.* Ukitaka sentensi kamili nyuma yake, ongeza dat na upeleke kitenzi mwisho: *Vandaar dat ik zo stil ben.* Nilipoteza muda kujaribu *vandaar ben ik*, nikiifuatisha daarom. Haiendi.

Dus nimeirudisha kwenye maandishi wiki hii. Marufuku imefanya kazi yake: daarom sasa inavuta kitenzi bila mimi kufikiri.

15 Juni: Ripoti yenyewe, na gharama

Ripoti naiandika mimi tangu mwanzo wa mwezi, siku ambazo niko kwenye shifti. Msimamizi anasahihisha de na het, na hilo litaendelea kwa muda, ila upande wa sababu hagusi kitu.

Nilichokiongeza mwishoni ni vihusishi vya kwenye vichwa vya habari, ambapo hakuna nafasi ya sentensi. *Door* kwa chanzo: *te laat door mist*. *Wegens* kwa mlango uliofungwa: *wegens vakantie gesloten*, *wegens verbouwing gesloten*, tembea barabara moja ya maduka mwezi Agosti utaikariri bila kitabu. *Vanwege* inakaa popote. *Dankzij* ni ya mema tu. Niliandika *dankzij de vertraging* na chumba baridi kizima kikacheka, wakidhani nimewapiga kijembe wa ndege.

Kaka mmoja wa Lubumbashi aliyeko Antwerpen, ambaye amekuwa akinifuatilia, amenitumia ujumbe: "Dada, huku kwetu ongeza omwille van." Ubelgiji wanaitumia kwa maana ya "kwa sababu ya" hivi hivi, *omwille van het weer*. Uholanzi omwille van ni "kwa ajili ya", kwa faida ya mtu au jambo. Ukisoma magazeti ya Flanders utaikuta kila ukurasa. Ukiileta Aalsmeer watakuuliza umetoka Gent lini.

Gharama: kitabu yuro 7, kadi yuro 2, saa moja ya mwalimu yuro 30. Mipira ya maua na mkahawa wa lugha, bure. Ningeanza upya leo ningeacha orodha na mwalimu, nianze moja kwa moja na mafungu matatu na marufuku ya dus, kisha swali la nani aliamua. Namelijk na immers zisubiri mpaka hayo yatulie. Ukizichanganya mapema utazikosea zote.

Kilichobaki ni daardoor na ndugu zake, waardoor na daaraan, zinazopasuka. *Daar komt het door. Waar komt dat door? Daar ligt het niet aan.* Neno linakatwa, nusu inakaa mbele na nusu inafukuziwa mwisho. Nikiisoma naielewa, nikiisema, ile door naisahau njiani. Nimeitafutia mpira wa njano, na wiki ijayo naanza na *Waar ligt dat aan?*, kwa sababu ndilo swali ambalo wa ghala la pili huliuliza kwenye simu kila mzigo ukichelewa.